Siku Baba Alipoacha Kuniitikia

Jirani yangu wa chini, kila mtoto wake anapoumwa na sikio, huchemsha punje za kitunguu thomu kwenye mafuta ya nazi. Harufu yake hupanda ngazi na kuingia kwangu bila ya kubisha hodi. Wiki iliyopita ilinikuta nakunja nguo. Niliziacha pale pale, nikakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa muda sikuwa tena mama wa watoto watatu wala mwalimu wa watoto wa watu. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimejibanza nyuma ya pazia la chumba chetu cha mtaa wa Malindi, kisiwani, namchungulia baba yangu amelala ubavu juu ya mkeka, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama.

Ilikuwa kila siku baada ya sala ya Magharibi. Mama akiyapasha mafuta, akiyajaribu kwanza kwenye mgongo wa mkono wake, kisha akiyatia sikioni mwa baba tone kwa tone, taratibu, kama mtu anayelisha kifaranga. Halafu akiziba kwa pamba na kumgeuza upande wa pili. Hawakuwa wakisema neno. Nilipomuuliza mama dawa ile ni ya nini, alinitazama kwa jicho ambalo sikulizoea.

"Ya kichwa," alisema. "Na usende ukasema huko nje. Sitaki kusikia watu wananiuliza habari za babaako."

Lakini mimi nilijua ni dawa ya nini. Nilijua, tena nilijua maradhi yenyewe yametoka kwangu. Ilikuwa dawa ya hasira. Hasira hukaa kichwani, baba alikuwa na hasira na mimi, na mama alikuwa anajaribu kuilainisha ili itoke.

Nimetembea na jambo hili miaka mingi. Sasa baba hatunaye tena, na mama ameshakuwa mtu wa kuniita kwa jina la dada yake. Nikinyamaza mimi, hakuna mwingine wa kulisimulia.

Tulikuwa tukikaa vyumba viwili vya juu katika nyumba kongwe nyuma ya bandari. Chokaa ya ukuta ilimeguka kila masika, na mama alikuwa na ndoo tatu alizozijua mahali pake, kila moja na mlio wake maji yakidondoka. Boti za Dar es Salaam zikipiga honi, vikombe vilitetemeka kabatini. Baba, jina lake Salum, alikuwa mmoja wa wale wanaopakua mizigo melini na kuitia kwenye malori, na siku ambazo hakuna meli, alisukuma gari la mizigo kutoka bandarini mpaka madukani. Hamali, ndivyo watu walivyosema. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, mwenye mikono iliyokwaruza kama mbuzi ya kukunia nazi, na alikuwa mtu wa kujibu. Ukimsalimia, alikurudishia salamu na kukuongezea dua. Ukimwita mara moja, aliitika mara mbili: "Naam, naam!" Mama alikuwa akimtania kwamba akiwa maiti, atakayemwita kaburini ataitikiwa.

Alasiri akirudi alisimama uchochoroni chini ya dirisha letu, akaita "Rukia!" nami nikateremsha kapu kwa kamba. Alitia humo mkate wa boflo, sukari katika karatasi, samaki wawili watatu waliofungwa kwa ukuti, na msimu wa shokishoki ukifika, hakukosa kishada changu juu ya yote. Nikilivuta kapu, alilisindikiza kwa macho mpaka lifike, ndipo apande ngazi.

Sasa nieleze nilichokifanya.

Ilikuwa baada ya Idd. Tulikuwa tumetoka skuli, mimi na wenzangu wawili. Mmoja wao, Nasra, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na viatu vyake vilikuwa na kifungo cha kung'ara pembeni. Nilikuwa nimechukua mwezi mzima kumfanya Nasra akubali kutembea na mimi. Tulipofika kwenye njia ya kupanda sokoni, tukakuta gari la kusukuma limesimama limejaa magunia ya unga wa ngano, na mahamali watatu wamelishika wanavuta pumzi. Aliyekuwa mbele alikuwa baba. Alikuwa amejifunika gunia kichwani mpaka mabegani, na unga umemganda usoni kwa jasho, kwenye nyusi, kwenye ndevu, mpaka ndani ya mikunjo ya shingo.

"Mtizameni yule," Nasra akasema, akicheka. "Kama jini."

Mwenzetu wa pili akamkazia macho, kisha akanigeukia. "Rukia, si babaako yule?"

Palikuwa na hatua nne baina yangu na baba. Aliinua uso, akaniona. Nami nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Hata. Simjui."

Baba alinitazama kidogo. Kisha akainama, akaweka kifua kwenye mti wa gari, akasukuma, na wenzake wakasukuma, gari likapanda. Nasra akaanza hadithi nyingine. Sikumbuki hata neno moja la hadithi hiyo.

Alasiri ile nilikaa dirishani na kapu. Sikusikia "Rukia!" Nilimwona akija kutoka mwisho wa uchochoro, nikamwita mimi, "Baba! Baba!" Hakuinua kichwa. Akaingia mlangoni, akapanda ngazi na vitu vyake mkononi. Alipopita mbele ya jiko nilikuwa nimeshasimama nyuma yake. "Shikamoo, Baba." Hakuna marahaba. Akaenda zake kuoga.

Tokea siku hiyo, kila nilichokiona kilinithibitishia. Nikimsalimia kwa nyuma, kimya. Nikimwita kutoka chumba cha pili, kimya. Lakini mbele ya mama, tukiwa tumekaa uso kwa uso kwenye sahani moja ya wali, aliniitikia na kutabasamu, mara nyingine akanijibu kitu ambacho sikumuuliza. Nilimwambia mwalimu amenisifu hisabati, akasema, "Vizuri, mwanangu, vaa basi." Tabasamu lile ndilo lililonitisha kuliko kimya. Nilidhani anamficha mama. Nilidhani ametaka jambo libaki baina yetu sisi wawili, na adhabu yenyewe ni hiyo.

Katika chuo chetu cha Kurani maalim alikuwa ametufundisha habari ya radhi za wazazi. Alisema mtoto akikosa radhi, hata akisoma namna gani, hata akisali namna gani, mambo yake hayaendi. Alisema kwa upole tu, hakuwa mtu wa fimbo, lakini nilihisi ananitazama mimi. Nikaanza kutafuta radhi zangu. Niliteka maji kabla sijaambiwa. Nilizisugua ngazi zote mpaka kwa majirani. Nilifunga Jumatatu na Alkhamisi, mama akashangaa, akadhani nna nadhiri. Nilizifua nguo za kazi za baba kwa mikono yangu, unga ukigeuka uji katika beseni, nikalia juu ya beseni lile mpaka maji yakawa si ya kufulia tena. Baba alizivaa asubuhi akaenda zake bila ya kusema kitu. Hakujua nani kazifua, lakini mimi sikufikiria hivyo.

Mwisho nikamwendea Bi Zuhura, ajuza aliyekaa chumba cha chini, mtu pekee niliyeweza kumuuliza jambo bila ya kuulizwa mimi. Alikuwa anachambua mchele.

"Bi Zuhura, mtu akimuudhi mzazi wake, halafu mzazi hataki kusema naye, anafanya nini?"

"Anaomba msamaha."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka nini tena? Akachinje ng'ombe?" Akapuliza makapi. "Lakini aseme kosa lake, alitaje. Si anakwenda kusema nisamehe nisamehe, hajulikani kafanya nini."

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Baba alikuwa amerudi kutoka msikitini, amekaa dirishani, mgongo wake kwangu, anashona mkanda wa ndara yake kwa sindano kubwa. Mama alikuwa hayupo. Nilisimama mlangoni. Kumtazama usoni nilishindwa, kwa hivyo niliuambia mgongo wake. Nilisema yote. Nilitaja siku, nilitaja njia, nilimtaja Nasra na viatu vyake. Nilisema, "Baba, nilisema sikujui, na nnakujua. Nisamehe. Nimeona haya, na sasa naona haya zaidi." Nililia kwa sauti, kilio cha kikohozi, kile cha mtoto ambacho hata jirani hukisikia.

Baba akauvuta uzi, akaukata kwa meno. Kisha akaanza kuimba chini kwa chini, kaimbo kake ka kazini, huku akitunga uzi mwingine.

Nilirudi nyuma hatua moja moja mpaka nikafika ngazini. Nilikaa hapo mpaka alasiri. Sijapata kuwa mpweke hivyo tena, na nimeshazika watu.

Kesho yake, Jumamosi, mama alinipa chakula nimpelekee baba bandarini, wali na mchuzi wa papa katika bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Kazi yangu ilikuwa kusimama getini na kumpa mlinzi, naye amwite baba. Siku hiyo mlinzi alikuwa anazozana na dereva mmoja, hakuniona. Nikasimama pembeni mwa geti, natazama ndani.

Nilimwona baba. Alikuwa anatoka kwenye kivuli cha meli, gunia kichwani, anakatiza uwanja kwa mwendo wake ule wa kubeba mzigo. Nyuma yake lori lilikuwa linarudi kinyumenyume. Lilikuwa linakwenda polepole, dereva amegeuza shingo upande mwingine anaongozwa na mtu, na baba alikuwa upande usioonekana. Wenzake wakaanza kupiga kelele. "Salum! We Salum! Gari hiyo! Toka!" Mtu mmoja akapiga bati kwa chuma. Sauti zile zilifika kwangu mimi getini, zilifika hata kwa mlinzi, akageuka. Baba aliendelea kutembea vile vile, hakuharakisha, hakutazama. Alikuwa kama mtu anayetembea peke yake pwani.

Sikumbuki nimeliacha wapi lile bakuli. Nakumbuka nimepita chini ya mkono wa mlinzi, na saruji ya uwanja ilivyokuwa ikiunguza, maana ndara zilinitoka. Nilikuwa nikipiga kelele, "Baba! Baba! Baba!" mbele ya watu wote wale, na baba hakugeuka. Nilimshika shati kwa mikono miwili nikajitupa upande kwa uzito wangu wote. Tulianguka pamoja. Gunia likapasuka, mchele ukamwagika juu yetu, na lori likapita pale tulipokuwa, likasimama.

Baba alikaa kitako. Akaliona lori. Akaniona mimi. Midomo yangu ilikuwa bado inasema baba, baba, na macho yake hayakuwa yakitazama macho yangu. Yalikuwa yakitazama midomo.

"Unasema nini?" aliniuliza, kwa sauti kubwa mno kwa mtu aliye karibu vile. "Rukia, sema tena. Unasema nini?"

Hapo ndipo nilipofahamu.

Watu walikuja wakatuinua. Akaja pia msimamizi wa gengi lao la mahamali, Mzee Faki, mtu mzima aliyefanya kazi na baba tokea ujana wao. Alimpangusa baba mchele mabegani, akamwambia, "Salum, tokea lini?"

Baba akatabasamu, lile tabasamu lake la kwenye sahani ya wali, akasema, "Hamna kitu, sikuumia."

Mzee Faki akanigeukia mimi. Ikabidi nisimame mbele ya baba, nimshike uso kwa mikono yenye vumbi, niseme polepole. "Anakuuliza, tokea lini husikii."

Aliinamisha macho. Mtu mkubwa vile, akawa kama mtoto aliyekutwa na kosa. "Mwambie, kusikia kidogo kulikobaki nilikuwa nako mpaka juzi juzi. Masikio yalianza kuondoka kabla ya Ramadhani."

Kabla ya Ramadhani. Na mimi nilimkana baada ya Idd. Nilipiga hesabu pale pale, juu ya mchele uliomwagika, na kitu kikafunguka kifuani mwangu. Hakusikia. Siku ile hakusikia. Dirishani hakusikia, ngazini hakusikia, jana nilipolia nyuma yake hakusikia. Hakuna hasira. Hakujawa na hasira hata siku moja.

Mzee Faki alikuwa anasema tena, akifuta macho kwa kofia yake. "Mwambie babaako, mimi siwezi kumbakisha. Hapa mtu hulindwa na masikio yake. Nikimwacha, siku moja nitampeleka nyumbani kwenye kitanda cha maiti cha msikiti." Nilitaka niyabadilishe maneno, lakini sikujua niyabadilishe vipi. Nikamwambia baba, "Anasema anaogopa utakufa." Baba akaitikia kwa kichwa. Alifahamu yote. Alikwenda kumpa mkono kila mtu mmoja mmoja, kama watu wanavyopeana siku ya Idd, kisha akanishika mkono tukatoka getini.

Na lazima nikiri jambo ambalo bado linanisuta. Siku ile ambayo baba yangu alipoteza kazi, mama amekaa sakafuni amejishika kichwa anasema tutakula nini, mimi nililala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata tokea Idd.

Mama alikuwa akijua. Yeye na baba walikuwa wamekubaliana kuficha, kwa kuogopa hayo hayo yaliyotokea, wakiamini mafuta ya thomu yatazibua. Tulikwenda hospitali. Daktari, kijana mwenye subira, alimtazama baba masikio, akaandika kwenye karatasi maswali yake, kisha akatueleza kwamba mishipa yenyewe imekufa, kwa makelele ya miaka na pengine homa ya zamani, na haifufuki. Akasema kitu ambacho hakukusudia kiwe na uzito ambao kilikuwa nao kwangu. Alisema sauti nzito hubaki mwisho, na zinazoanza kuondoka ni zile nyembamba. Sauti za ndege. Sauti za watoto.

Kwa hivyo sauti yangu ndiyo iliyotangulia. Kabla ya honi ya boti, kabla ya adhana, kabla ya sauti za wenzake bandarini, baba alinipoteza mimi, na hakumwambia mtu.

Ulifuata muda mgumu. Mama alianza kupika vitumbua asubuhi na kuviuza mlangoni. Tulikula muhogo kwa chumvi, na siku nyingine muhogo bila hata ya chumvi. Baba alikaa dirishani kutwa. Watu waliokuja kumjulia hali walimpigia kelele masikioni kama mtu anayeita ng'ambo ya pili, wakachoka, wakageuka kuzungumza na mama, na baba akabaki anatazama mikono yake. Asubuhi moja Nasra alikuja kununua vitumbua, akamwona.

"Ati ndiye babaako huyo, yule kiziwi?"

"Ndiye," nikasema. "Mpe salamu. Lakini simama mbele yake, kwenye mwanga."

Alisimama, akampa. Baba akamjibu marahaba na dua juu yake.

Maana tulikuwa tumeshaanza kujifunza. Nilijua sasa kwamba mgongo hausikii, na kwamba mtu akisimama na dirisha nyuma yake uso wake ni giza tupu. Nikitaka kumwita nilikanyaga ubao wa sakafu kwa kisigino mara mbili, akauhisi miguuni, akageuka. Nilimsomea vitabu vyangu vya skuli polepole, naye akiyarudia maneno, na alipokosea tulicheka. Kuna siku nilimwambia mama kapika pweza, akafahamu mama kapigwa na pweza, akainuka mbio kwenda jikoni. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza mama kucheka tokea siku ile ya bandarini.

Bi Zuhura ndiye aliyetuelekeza Mtoni, kwa Fundi Haji, mshonaji wa magodoro ya usufi, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumsaidia kwa kuwa macho yake yamekwisha nguvu. Tulikwenda baba na mimi. Nilikuwa nimejitayarisha kueleza mambo mengi, lakini Fundi Haji alinikatiza.

"Hasikii?"

"Hasikii, Fundi."

"Basi hapa kwangu hakuna la kusikia. Kuna la kushika." Akaichukua mikono ya baba, ile ya magunia, akaigeuza, akaibonyeza vidole. "Migumu. Itabidi tuilainishe."

Ilichukua muda. Sindano ndefu ilimchoma mpaka vidole vikavimba, na godoro lake la mwanzo lilikuwa na vilima na mabonde, Fundi akasema hilo baba atalilalia mwenyewe ili apate adabu. Lakini baba alikuwa mtu wa subira, na ukiziwi wake ulimpa utulivu ambao kazi ile inautaka. Likizo za skuli nilikwenda naye, nikikaa chini kuchambua mbegu kutoka kwenye usufi. Pamba ile nyepesi iliruka chumba kizima, ikatua kwenye nywele, kwenye kope, mtu hana budi kupumua polepole.

Siku moja ya likizo, nikiwa na miaka kumi na tatu hivi, Fundi amekwenda kusali, nilikanyaga chini mara mbili. Baba akainua kichwa. Nilisogea kwenye mwanga.

"Baba, kuna jambo nililifanya zamani. Siku ile ya gari la unga, njia ya sokoni."

Aliweka sindano chini. "Najua."

"Hujui. Hukusikia."

"Sikusikia, lakini nilikuona mdomo. Nilikuwa nshaanza kusoma midomo, Rukia, nisingeweza kufanya kazi miezi ile yote bila ya hivyo." Akaninyooshea kidole kwenye midomo. "Simjui. Neno fupi hilo. Jepesi kusomeka."

Miaka minne nilikuwa nimeegemea ukuta ambao haukuwepo.

"Ulikasirika?"

Baba hakuwa mtu wa kukupa jibu la kukufurahisha tu. "Nilikasirika mpaka Isha," alisema. "Niliumia. Usiku nikamkumbuka baba yangu mimi. Yeye alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, Kiswahili chake kilikuwa cha kupinda, na wenzangu wakimwiga. Basi akiniita mbele yao, mimi nilikuwa namjibu kwa kichwa, nisije nikamfungulia mlango wa kusema. Amekufa namjibu kwa kichwa." Akachukua donge la usufi akalipasua pasua. "Asubuhi sikuwa na hasira tena. Nilitamani tu ningekuwa na shati jengine siku ile."

Nilimwambia basi nisamehe. Akasema, "Nshasamehe zamani, tena hukuwa hata umeniomba." Nikamwambia niliomba, ila niliuomba mgongo wake. Hakufahamu, nikamweleza ile Ijumaa ya dirishani. Aliposhika maana yake, alifunika uso kwa mikono yake yote miwili iliyojaa usufi, na mabega yakatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Pengine na yeye hakujua.

Fundi Haji alipokufa, baba aliirithi kazi ile, na nusu ya maharusi wa upande wetu wa mji walilalia magodoro yake. Nami nikakua, nikasoma, nikapata kazi, akaja mtu kuniposa. Siku ya nikahi nilikaa ndani na wanawake, nimefunikwa mtandio mpaka kifuani. Desturi baba wa bibi harusi huja kumuuliza mwanawe kama amekubali kuozwa, na desturi ya kwetu ni kwamba mwari hajibu. Huinamisha kichwa, hunyamaza, na kimya chake kikachukuliwa kuwa ndiyo.

Baba aliingia na mashahidi wawili, amevaa kanzu nyeupe, akakaa mbele yangu. Akauliza. Nikanyamaza, kama nilivyofunzwa. Akauliza mara ya pili. Nikainama zaidi.

"Kakubali huyo," shangazi mmoja akasema. "Si umeona kanyamaza?"

Baba aligeuka akamtazama mdomo, akatikisa kichwa. "Hapana," alisema. "Nyinyi mnakijua kimya kimoja kimoja. Kwangu mimi kila kitu ni kimya. Nitajuaje kama hiki ndicho cha kukubali? Mtu asije akaozwa kwa sababu mimi ni kiziwi."

Wanawake walicheka, kisha wakaacha kucheka. Sikungoja mtu anifunue. Niliuinua mtandio mwenyewe, nikasogea mpaka mwanga wa mlangoni ukaniangukia usoni, nikasema polepole, neno baada ya neno, "Nimekubali, Baba."

Aliisubiri midomo yangu mpaka ilipofunga. Kisha akainuka, akatoka kwenda kwa wanaume waliokuwa wakingojea chini, na kabla hajafika hata ngazi ya kwanza nilimsikia. "Kakubali! Mwanangu mwenyewe kanambia kakubali!" Mtaa mzima ulimsikia, wanawake wa nyumba ya jirani wakapiga vigelegele bila ya kuuliza habari. Yeye alidhani amemnong'oneza tu shahidi aliyekuwa pembeni yake.